Kodi ya Kenya na Kodi Yetu: Jinsi ya Kulinganisha Bila Kuishia Kwenye Asilimia

Tanga iko karibu na Mombasa kuliko Dar es Salaam, ndiyo maana mtu wa hapa akianza kuzungumzia kodi, Kenya haikosi kutajwa. Utasikia Ngamiani, utasikia stendi ya Kange, utasikia kwa madereva wanaosubiri mizigo yao mpakani Horohoro: wenzetu VAT (kodi ya ongezeko la thamani) yao asilimia 16, sisi 18, kwa hiyo wenzetu wana nafuu. Kesho yake mwingine anakuja na hoja kwamba mfanyakazi wa Kenya anaweza kukatwa hadi asilimia 35 ya mshahara wakati kwetu mwisho ni 30, kwa hiyo nafuu iko huku. Wote wawili wametaja tarakimu za kweli. Jibu bado hawajalifikia.

Kodi ina mambo manne ndani yake: inatozwa juu ya nini, inaanzia kwenye kiasi gani, nani ameachwa nje, na kiwango chake. Asilimia ni hilo la nne tu. Anayelinganisha nchi mbili kwa asilimia pekee ameacha robo tatu ya sheria mezani, na mara nyingi uzito wote umo kwenye hizo robo tatu. Nitajaribu kulionyesha hilo kwa mifano, kuanzia hapa kwetu mpakani. Viwango ninavyotumia ni vile vilivyokuwapo katikati ya mwaka 2025, na pale ninapobadilisha fedha nitahesabu shilingi 1 ya Kenya kuwa 20 za Tanzania ili hesabu iwe nyepesi.

VAT: mkate, duka na mafuta

Hata ndani ya Jamhuri yetu hakuna VAT moja. Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18, Zanzibar ni 15. Sheria ni mbili na mamlaka za mapato ni mbili, TRA huku na ZRA kule. Anayepakia mzigo chomboni Tanga kuupeleka Wete, Pemba, anavuka mpaka wa kodi bila kutoka nchini mwake. Bara tulianza VAT Julai 1998 kwa asilimia 20, ikashuka hadi 18 mwaka 2009. Kenya wameanza mapema zaidi, mwaka 1990. Wakati wa korona, Aprili 2020, waliishusha hadi 14, na Januari 2021 wakairudisha 16. Uganda, Rwanda na Burundi wako kwenye 18 kama sisi.

Sasa tuangalie inaanzia wapi. Tanzania Bara, tangu Julai 2023, mfanyabiashara analazimika kusajiliwa kwenye VAT mauzo yake yakifika shilingi milioni 200 kwa mwaka. Kenya ni shilingi milioni 5 za kwao, yaani kama milioni 100 za kwetu. Duka lenye mauzo ya milioni 120 hapa Chumbageni halimo kwenye VAT. Duka hilo hilo likifunguliwa Ukunda, upande wa Kenya, limo: litatoza VAT, litapeleka ritani (taarifa ya kodi) kila mwezi, litatunza vitabu vya manunuzi na mauzo. Asilimia ya Kenya ni ndogo, lakini wavu wao una matundu madogo zaidi.

Halafu kuna walioachwa nje, na hapa ndipo watu wengi wanapotea, hata wafanyabiashara wa miaka mingi. Bidhaa inaweza kutolewa kwenye VAT kwa njia mbili zinazofanana kwa masikio na zisizofanana hata kidogo kwa mfuko. Njia ya kwanza ni kusamehewa: muuzaji hatozi VAT, lakini pia harudishiwi VAT aliyolipa yeye aliponunua vitu vya kutengenezea bidhaa hiyo. Njia ya pili ni kiwango sifuri: muuzaji anatoza asilimia 0, na kwa kuwa kisheria bado yumo kwenye mfumo wa VAT, ana haki ya kudai alichokilipa.

Chukua mwenye kiwanda kidogo cha kuoka mikate. Kwa mwezi ananunua mifuko, vipuri, mafundi na huduma nyingine za shilingi milioni 1, na juu yake analipa VAT ya 180,000. Mkate ukiwa umesamehewa, ile 180,000 haina pa kwenda ila kwenye bei ya mkate. Mlaji analipa VAT asiyoiona kwenye risiti. Mkate ukiwa kwenye kiwango sifuri, ile 180,000 inadaiwa serikalini, na bei ya mkate inabaki safi. Kwa hiyo mtu akikuambia bidhaa fulani "haina VAT", muulize haina kwa njia ipi. Kenya mkate wa kawaida uko kwenye kiwango sifuri. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipopendekeza kuuhamishia kwenye asilimia 16, waliopiga kelele hawakuwa wamekosea hesabu. Mkate ungetoka kwenye nafasi nzuri kuliko zote hadi kwenye kiwango kamili kwa hatua moja.

Kiwango sifuri nacho kina tatizo lake. Marejesho yakichelewa miezi, mwoka mikate anakuwa ameikopesha serikali bila riba, na mwenye mtaji mdogo hana uwezo wa kukopesha mtu. Sheria iliyo nzuri kwenye karatasi inaweza kumfilisi mtu kwa sababu ya kalenda tu.

Mafuta ya magari yanatupa somo lingine. Tanzania Bara petroli na dizeli hazitozwi VAT. Zinatozwa ushuru wa bidhaa, tozo ya mafuta kwa ajili ya barabara na tozo ya petroli, na zote hizo zimepangwa kwa shilingi kwa kila lita. Kenya wana tozo za kwa lita pia, lakini juu yake wameweka VAT, ambayo ilikuwa asilimia 8 tangu 2018 na Sheria ya Fedha ya 2023 ikaifikisha 16. Tofauti inajionyesha bei ya dunia inapopanda. Kwetu serikali inapata shilingi zile zile kwa lita, bei ipande au ishuke. Kenya, sehemu ya VAT inapanda pamoja na bei, kwa hiyo mwananchi anaumizwa na soko la dunia na palepale anaumizwa na kodi. Bei ya dunia ikishuka, wao wanapata nafuu ya kodi na sisi hatuipati. Hapo huwezi kusema nani ana kodi kubwa mpaka useme ni mwezi gani.

Kwetu kuna jambo linalonigusa zaidi. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya magari iliondolewa na mapato yake yakahamishiwa kwenye ushuru wa mafuta. Kwa mwenye gari ilikuwa faraja, hakuna tena kudaiwa malimbikizo ya gari bovu lililolala uani. Lakini mvuvi wa Moa anayenunua petroli ya mashine ya boti analipa ushuru ule ule, na boti yake haijawahi kukanyaga lami. Kodi iliyorahisishwa kwa mmoja ilimwangukia mwingine ambaye hakuwa anadaiwa kitu.

Mshahara wa milioni moja

Tuende kwenye mshahara, kwa sababu hapa namba zinaongea zenyewe.

Mfanyakazi wa kampuni binafsi Tanga analipwa shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kwanza inaondolewa NSSF, yaani mchango wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, sawa na 100,000. Inabaki 900,000, na hiyo ndiyo inayotozwa kodi. Shilingi 270,000 za mwanzo haziguswi. Kutoka hapo hadi 520,000 anakatwa asilimia 8, kutoka hapo hadi 760,000 asilimia 20, na iliyobaki, maana haijafika milioni, asilimia 25. Jumla ya kodi ni 103,000. Anaondoka na 797,000.

Mwenzake wa Kwale analipwa shilingi 50,000 za Kenya, ambazo kwa hesabu yetu ni milioni ile ile. Anakatwa NSSF asilimia 6, sawa na 3,000. Bima ya afya ya jamii asilimia 2.75, sawa na 1,375. Tozo ya nyumba asilimia 1.5, sawa na 750. Tangu mwishoni mwa 2024 makato hayo matatu yanaondolewa kabla ya kodi kuhesabiwa, kwa hiyo kinachotozwa ni 44,875. Shilingi 24,000 za mwanzo ni asilimia 10, hadi 32,333 ni asilimia 25, zilizobaki asilimia 30. Inakuja kama 8,246, kisha anapewa unafuu wa 2,400 ambao kila mkaazi anaupata. Kodi inayobaki ni 5,846. Anaondoka na 39,029, ambazo ni kama 780,600 za kwetu.

Mkononi, basi, wanapishana kwa shilingi elfu kumi na sita hivi. Ile asilimia 35 iliyotishia watu kijiweni haikuonekana kabisa, kwa sababu Kenya inaanza pale mshahara unapovuka shilingi 800,000 za kwao kwa mwezi, yaani milioni 16 zetu. Asilimia 30 yao, kwa upande mwingine, inaanza kwenye kama 647,000 za kwetu, wakati kwetu inaanza baada ya milioni moja. Kule Kenya mtu wa kipato cha kati ndiye anayeibeba hiyo 30, na anaibeba mapema.

Kinachotofautisha zaidi ni kile makato yanachonunua. Wa Tanga ameweka 100,000 kwenye akiba ya uzeeni, na kiasi kama hicho kimewekwa na mwajiri wake. Wa Kwale ameweka 60,000 tu kwa fedha zetu, na mwajiri wake kiasi hicho hicho. Wa Kwale tayari amelipia bima ya afya ndani ya makato yake. Wa Tanga, kama mwajiri hana mpango wa bima, akiugua anatoa kwenye ile 797,000. Sheria yetu ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na utekelezaji wake ukikamilika hesabu hii itabadilika. Kwa sasa, anayesema wa Tanga ana nafuu ya elfu kumi na sita hajamhesabia homa ya mtoto mmoja.

Upande wa mwajiri picha inageuka kabisa. Kwa mfanyakazi huyo mmoja, mwajiri wa Tanga mwenye wafanyakazi kumi au zaidi anaongeza NSSF 100,000, tozo ya kuendeleza ufundi stadi asilimia 3.5 ambayo ni 35,000, na mchango wa fidia kwa wafanyakazi asilimia 0.5 ambao ni 5,000. Jumla 140,000 juu ya mshahara. Mwajiri wa Kwale anaongeza kama shilingi 3,800 za Kenya, sawa na 76,000 zetu, ukiacha bima ya ajali kazini ambayo anainunua mwenyewe kwa kampuni ya bima. Ile tozo ya ufundi stadi imeshushwa hatua kwa hatua kutoka asilimia 6, na naamini kushushwa huko kumesaidia ajira kuliko misamaha mingi yenye majina makubwa. Nafuu yake inamfikia kila anayeajiri, bila kuhitaji barua ya mkubwa.

Horohoro: kilichoondolewa ni ushuru, kodi haikuondolewa

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi 1 Januari 2005. Tangu hapo imejengeka imani kwamba bidhaa ya Jumuiya inavuka bure. Mpakani ugomvi mwingi unatokana na imani hiyo.

Kilichoondolewa kati ya nchi wanachama ni ushuru wa forodha, kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. VAT na ushuru wa bidhaa vinafuata kanuni nyingine: kodi inalipwa pale bidhaa inapotumika. Inapotoka inatozwa asilimia 0, inapoingia inatozwa kiwango cha huko. Machungwa ya Muheza yakivuka kwenda soko la Mombasa hayana ushuru wa forodha, na kwa kuwa ni mazao ghafi hayana VAT pia. Sabuni iliyotengenezwa kiwandani ikivuka njia hiyo hiyo haina ushuru wa forodha, lakini itakutana na VAT ya Kenya ya asilimia 16. Anayedai kwamba ameonewa kwa kutozwa hiyo 16 hajaonewa, mradi hakutozwa na ile 18 ya huku.

Machungwa yenyewe yameshalipa kitu kabla ya kufika Horohoro. Halmashauri inatoza ushuru wa mazao, ambao tangu 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula; zamani ulikuwa 5. Mwenye mzigo mdogo wa thamani isiyozidi dola 2,000 anaweza kupata hapo hapo mpakani cheti rahisi cha uasili, kinachothibitisha kwamba bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya. Ni karatasi moja, na wanawake wengi wanaobeba mzigo mdogo wangepunguza kuvuka kwa njia za panya kama wangeelezwa vizuri kwamba ipo.

Bidhaa kutoka nje ya Jumuiya ni habari nyingine. Hizo zina ushuru wa pamoja: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo, 10 kwa bidhaa ambazo hazijakamilika, 25 kwa zilizokamilika, na tangu Julai 2022 daraja la nne la 35. Ungetegemea basi kwamba mchele wa Pakistani una ushuru mmoja Mombasa na Tanga. Hauna. Ushuru wa pamoja wa mchele, ulio nje ya madaraja hayo manne kwa kuwa ni bidhaa nyeti, ni asilimia 75, lakini Kenya kwa miaka mingi imeomba na kupewa ruhusa ya kutoza 35, kwa kuwa hawajitoshelezi kwa mchele. Sisi wenye mashamba ya kulinda tuna sababu ya kubaki juu. Ruhusa za namna hiyo ni nyingi, zinatangazwa kila mwaka kwenye gazeti la Jumuiya, na ndizo zinazofanya mchele ulioingia Mombasa usiweze kushuka Tanga kana kwamba umeshalipiwa kila kitu.

Mitumba inaonyesha kwamba hata kipimo kinaweza kutofautiana. Ushuru wa Jumuiya ni asilimia 35 ya thamani au senti 40 za dola kwa kilo, kile kilicho kikubwa. Belo la kilo 45 linakuwa na ushuru usiopungua dola 18. Rwanda mwaka 2016 iliamua kwenda peke yake hadi dola 2.50 kwa kilo, yaani dola 112.50 kwa belo lile lile, ili kujenga viwanda vyake vya nguo. Marekani ikajibu mwaka 2018 kwa kusitisha nafasi ya nguo za Rwanda kuingia kwake bila ushuru. Kodi ya belo ilipandishwa Kigali, lakini bei yake ya mwisho iliamuliwa Washington.

Kutoza kiasi au kutoza huduma

Julai 2021 Tanzania ilianza tozo ya miamala ya simu: kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kadiri ya fedha inayotumwa au kutolewa. Watu wakalalamika, na serikali ikaishusha kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huo huo, kisha ikaendelea kuishusha. Ghana walifuata Mei 2022 kwa asilimia 1.5 ya fedha inayotumwa, wakaishusha hadi 1 mwaka 2023, na Aprili 2025 wakaifuta. Kenya nao wanatoza miamala, asilimia 15 tangu 2023, na mitaani kwao hakukuwa na kelele za namna ile.

Kwa nini asilimia 15 ilivumilika na asilimia 1.5 ikashindwa? Kwa sababu Kenya wanatoza ada ya huduma. Mtandao ukikukata shilingi 100 kwa kutuma, serikali inachukua 15, uwe umetuma elfu tano au elfu hamsini. Sisi na Ghana tulitoza fedha yenyewe. Mtoto aliyeko Dar akimtumia mama yake Makorora fedha ya dawa, fedha hiyo ilishakatwa kodi kwenye mshahara, kisha ikatozwa tena kwa kosa la kusafiri. Na sisi ada ya huduma tulikuwa tunaitoza tayari, kwa ushuru wa asilimia 10 na VAT. Ile ya 2021 ilikuja juu yake. Nchi tatu, simu ile ile, na kilichoamua ni swali la kwanza kabisa: inatozwa juu ya nini.

Muscat na Copenhagen

Watu wa pwani tuna jamaa Muscat, na wakija likizo hawakosi kusema kule mshahara haukatwi. Ni kweli. Oman haijawahi kutoza kodi ya mapato ya mtu binafsi. VAT waliianza Aprili 2021 tu, kwa asilimia 5. Lakini nchi hiyo imeendeshwa kwa mafuta na gesi, na mafuta yanapoyumba bajeti yote inayumba. Ndiyo maana mwaka 2025 walitunga sheria ya kodi ya mapato ya asilimia 5 kwa mtu anayepata zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka, kuanzia Januari 2028. Riali 42,000 ni zaidi ya dola 100,000, kwa hiyo fundi wetu aliyeko kule hataguswa. Kwa Ghuba, hata hivyo, ni hatua kubwa: Oman ndiyo ya kwanza huko kuitunga.

Denmark wako mwisho mwingine kabisa. VAT asilimia 25, na karibu hawana viwango vya chini. Mkate ni 25, maziwa ni 25. Uingereza, yenye VAT ya 20, imeuweka mkate na vyakula vingi kwenye kiwango sifuri. Ukiangalia meza ya chakula pekee utasema Denmark inamwonea maskini. Lakini kodi zote za Denmark zinakusanya zaidi ya asilimia 40 ya pato la taifa, na zinarudi kama hospitali isiyodai fedha mlangoni, chuo kisicho na ada, pamoja na posho anayopewa mwanafunzi. Wameamua kutoza kila kitu kwa usawa na kumsaidia maskini kwa upande wa matumizi, badala ya kumsaidia kwa kuchagua bidhaa za kusamehe. Kwetu, ambako makusanyo yanazunguka asilimia 12 au 13 ya pato la taifa, njia hiyo ingekuwa ukatili, kwa sababu upande wa kurudisha bado haujajengwa. Sheria inayofaa kwa Mdenmaki inafaa kwa kuwa zahanati yake ina dawa.

Jambo dogo linalofuata hapo linawahusu wanaofanya kazi nchi moja na kuishi nyingine. Tanzania na Kenya zote zinamhesabu mtu kuwa mkaazi kwa kodi akikaa siku 183 au zaidi kwa mwaka, na mkaazi anatozwa mapato yake ya ajira ya dunia nzima, huku mwajiri wa ng'ambo naye akiwa ameshamkata. Dawa yake ni mikataba ya kuzuia kodi mara mbili. Tanzania inayo tisa, ikiwamo na Denmark, India, Zambia na Afrika Kusini. Kenya haimo. Mkataba wa Jumuiya nzima ulisainiwa Novemba 2010 na mpaka sasa haujaanza kutumika kwa kukosa uridhiaji wa nchi zote. Mtu wa Tanga anayefundisha Mombasa anabaki na unafuu wa sheria ya nchi yake tu, ambao ni kuhesabiwa kodi aliyolipa nje, na lazima awe na ushahidi wa kila hati.

Nani anaamua, na ukipinga unalipa kiasi gani

Katiba yetu, ibara ya 138, inasema kodi haitozwi ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema hivyo pia kwenye ibara ya 210, kisha ikaongeza mahali pengine kwamba wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Nyongeza hiyo imekuwa na meno. Julai 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliifuta Sheria ya Fedha ya 2023 yote, pamoja na mengine kwa sababu ushirikishwaji ulikuwa na kasoro. Mahakama ya Juu ikairudisha Oktoba mwaka huo. Kati ya hukumu iliyopingwa na Mswada wa 2024 uliokwama baada ya vijana kuingia bungeni tarehe 25 Juni, serikali ya kule imejifunza kwamba tarakimu za bajeti ya Juni zinaweza kurudishwa mezani. Gharama ya somo hilo ilikuwa maisha ya watu, na sitaki kuipamba.

Lakini kwa mfanyabiashara wa kawaida, tofauti nzito kuliko zote kati ya nchi hizi mbili haiko kwenye Katiba. Iko kwenye kifungu cha pingamizi, na sijawahi kusikia mtu akikitaja kijiweni.

Tuseme mwenye duka la vifaa vya ujenzi barabara ya 12 ameletewa makadirio ya kodi ya shilingi milioni 30. Yeye, kwa vitabu vyake, anakubali anadaiwa milioni 6. Kote kuwili ana siku 30 za kuweka pingamizi. Kenya, ili pingamizi lipokelewe, analipa kile asichobishania, hiyo milioni 6, au anakubaliana namna ya kuilipa. Kamishna akikaa siku 60 baada ya kupokea pingamizi halali bila kutoa uamuzi, pingamizi linahesabiwa limekubaliwa. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamtaka alipe kiasi asichobishania au theluthi moja ya makadirio, kile kilicho kikubwa. Theluthi ya milioni 30 ni milioni 10. Ili asikilizwe kwamba hadaiwi zaidi ya 6, atangulize 10.

Nia ya sharti hilo inaeleweka: bila kizuizi, kila mtu angeweka pingamizi ili kuchelewesha kulipa. Ila angalia nani linamzuia. Kampuni kubwa yenye wanasheria inaipata theluthi yake benki. Mwenye duka ambaye mtaji wote ni simenti na mabati yaliyopangwa ukutani hana pa kuitoa, na kadiri makadirio yanavyokosewa kwa ukubwa, ndivyo mlango wa kuyasahihisha unavyozidi kuwa ghali. Kosa la mkadiriaji linageuka kuwa ada ya aliyekosewa.

Sheria inampa Kamishna Jenerali uwezo wa kupunguza au kuondoa sharti hilo kukiwa na sababu ya msingi. Ombi liandikwe, liambatanishwe na vitabu, risiti za EFD (mashine za kielektroniki za risiti) na taarifa za benki, na lipelekwe mapema ndani ya zile siku 30, kwa sababu pingamizi lisilotimiza sharti halifiki hata kwenye Bodi ya Rufani za Kodi. Kama kuna kifungu kimoja ambacho ningependa wabunge wa mkoa huu wakifungue Juni ijayo wakiwa na sheria ya jirani pembeni, ni hicho, kabla hawajagusa hiyo 18.